Vali ya Kukata Dizeli

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, starta iliizungusha injini vizuri lakini injini haikuwaka. Hata moshi haukutoka.

Mama yake nahodha alikuwa amelala kwenye benchi la mashua, miguu imevimba, pumzi fupi. Alitakiwa kusafishwa damu jana, na jana mawimbi hayakuruhusu kuvuka. Mashine ya kazi hiyo ilikuwa hospitali ya ng'ambo.

Fundi, mume wa dada yake nahodha, alilegeza mpira unaoingiza dizeli kwenye pampu. Dizeli ilimwagika safi. Akalegeza nati za nozeli zinazopulizia dizeli ndani ya injini. Kavu.

"Inafika kwenye pampu, haipiti," alisema. "Vali ya pampu imejifunga."

Vali hiyo hufunguliwa na sumaku ya umeme. Ukiwasha ufunguo, sumaku huvuta pini na dizeli hupita. Ukizima, springi huisukuma pini na injini hufa. Fundi aligusisha taa ya kupimia kwenye waya. Taa iliwaka. Umeme ulikuwepo, sumaku ndiyo iliyokuwa imeungua.

"Unayo nyingine?" nahodha aliuliza.

"Ninayo, shemeji. Niliitoa kwenye lori."

Mama alifumbua macho. "Binti yangu aliniambia ameolewa na fundi. Tangu nifike hapa namwona mshika taa."

"Hata daktari huanza na taa, mama."

"Basi nitibu upesi."

Vali ya lori iliingia bila taabu. Nyuzi za skrubu zilikuwa zilezile. Nahodha alipowasha ufunguo, ikalia: ta.

"Imelia," fundi alisema. "Nzima hiyo."

Injini iliwaka. Waliondoka.

Katikati ya maji ilizimika ghafla, bila kukohoa. Fundi aligusa vali akarudisha mkono. Ilikuwa ya moto. Aliikwangua rangi kwa bisibisi. Chini yake palikuwa pameandikwa volti ishirini na nne. Betri ya mashua ilikuwa ya kumi na mbili. Sumaku ilikuwa imeishika pini kwa nguvu nusu, na ilipopata joto ikaiachia.

"Hukusoma?" nahodha aliuliza.

"Sikusoma."

"Ulisikiliza tu."

Fundi alizungushia vali kitambaa. Aliifungua, akachomoa pini na springi, akarudisha ganda tupu. Sasa dizeli ingepita muda wote, na ufunguo usingeweza tena kuizuia. Lakini hewa ilikuwa imeingia kwenye mipira, na ilibidi itolewe kwa pampu ya mkono, povu baada ya povu.

"Mama," nahodha aliita. "Mama, mtukane basi mkweo."

Mama alisogeza midomo. Sauti haikutoka.

"Piga starta," fundi alisema.

"Mkono wake umepoa."

"Shemeji, piga starta."

Injini iliwaka mara ya pili. Nahodha aliisukuma kwa mwendo wote mpaka gatini.

Muuguzi alishuka na machela. Alimshika mama shingoni, akasubiri, akamulika macho, kisha akayafumba. Aliangalia saa yake na kutaja muda: saa tatu kasoro dakika tano.

Nahodha alizima ufunguo. Injini iliendelea kunguruma. Aliuwasha, akauzima tena.

Fundi aliinama akafunga koki ya tangi. Injini ilikula dizeli iliyobaki kwenye mipira, ikayumba, ikazimika.