Boksi Chini ya Injini

Haya ni kweli tupu, na anayebisha akaliulize boksi.

Dereva mstaafu alikuwa na pikapu iliyokunywa oili ya kawaida kwa miaka ishirini na sita. Siku alipoamua kuitilia oili ya sintetiki, fundi alifuta mikono kwanza.

"Mzee, hii inasafisha. Itakomba tope lote la ndani, na pengine tope hilo ndilo linaloziba mipira ya sili zako iliyochoka. Itavuja."

"Gari langu halivuji. Niliwahi kulipandisha mlima bila oili kabisa, likawa linakwenda kwa aibu tu."

Mkewe, mwalimu mstaafu, alikuwa amesimama kando. "Na likivuja?"

"Tone moja tu, usukani wako. Mimi nitakaa kiti cha abiria, na sisemi neno njia nzima."

Leseni ya Mwalimu ilikuwa na umri wa miaka kumi na tisa, na pikapu ile hajawahi kuitoa hata uani. Dereva alijua alichoweka rehani.

Fundi akatia oili, akawapa utaratibu wake: boksi litandikwe chini ya injini jioni, asubuhi lisomwe. Mwalimu akalitandika mwenyewe.

Kulipopambazuka Dereva alitoka kwa kunyata, ndala mkononi. Boksi lilikuwa na matone matano, meusi, yamejipanga kama madoa ya chui. Akalikunja, akalisokomeza nyuma ya tangi la maji, akatandika jingine kutoka stoo. Kisha akarudi kitandani kukoroma kwa bidii.

Saa mbili Mwalimu alichuchumaa mbele ya pikapu. "Kavu kabisa."

"Si nilikwambia, mama watoto?"

"Ila jana nilitandika boksi la majani ya chai."

Dereva akainama. Limeandikwa biskuti, herufi kubwa kama kiganja.

"Fundi mwenyewe kasema oili hii inasafisha," akasema taratibu. "Imefuta maandishi."

"Halafu ikaandika biskuti."

"Ndiyo usasa wenyewe, mke wangu."

Mwalimu hakucheka. Alinyoosha mkono, kiganja juu, vile alivyodai karatasi za mtihani miaka thelathini na mbili. "Baba watoto, njia ya mwongo ni fupi. Ufunguo."

Akautoa. Akazunguka upande wa abiria, akafunga mkanda. Mwalimu alirudisha gari nyuma, akagusa ndoo, akanyoosha usukani, wakaelekea gereji kubadilisha sili. Njia nzima mguu wa Dereva ulikanyaga breki isiyokuwepo. Mdomo aliufumba.