Shela la Mama Alen

Nani alisema shela ni la mwali peke yake? Mzee Fanueli alisema, na Mzee Fanueli akisema jambo kanisani kwao, kule juu ya mashamba ya kabichi, hata kengele hungoja amalize.

Tena hakulisemea kanisani. Alilisemea sokoni Lushoto, kwenye kibanda cha Marta fundi cherehani, mama yake Alen, mbele ya wateja. Marta alikuwa ameinamia neti nyeupe iliyomjaa mapajani, anaitia shanga. Jumamosi ya wiki ile yeye na Emanueli wake walikuwa wanakwenda kubariki ndoa. Ndiyo, kubariki, maana walichukuana zamani. Mahari ilichelewa, watoto hawakuchelewa, wakaja wanne.

"Mama Alen, hilo shela la nani?"

"Shikamoo, Mzee. Langu."

"Marahaba. Lako kwa lipi? Wewe unabariki, huolewi. Aliyekwisha kuzaa havai shela, huo ndio utaratibu wetu. Vaa kitenge kizuri, piga kilemba, inatosha."

"Na Emanueli je?"

"Emanueli amefanya nini?"

"Hao watoto sikuwazaa peke yangu, Mzee. Yeye atavaa suti na ua kifuani kama bwana harusi yeyote, au naye mtampiga kilemba?"

Wateja wakaangua kicheko. Mzee Fanueli hakucheka. Alisema Jumamosi atasimama mwenyewe mlangoni mwa kanisa, akaokota kofia yake na kwenda zake.

Jamani, Marta aliumia. Tangu usichana alikuwa akiwashonea wenzake mashela, anawafunika, anawashikia kioo, anawatazama wakilia kwa furaha. Hakuwahi kuliweka hata moja kichwani pake, kwa kuwa fundi hajaribu shela la mwenzie. Ni mkosi kwa mwenye harusi. Basi alilitaka la kwake. Alilitaka kama anavyotaka kula mtu anayewapikia wageni kila siku, na hakuona sababu ya kuomba radhi kwa njaa hiyo.

Zuhura, jirani yake anayeuza peasi, alikuwa amesikia kila neno. Akaja na kigoda chake, akaketi.

"Shoga, unalia nini na kisu unacho mkononi? Binti yake mzee huyo, Loveness, si aliolewa amevaa shela linaloburuzika chini? Kisha akajifungua kabla ya miezi, eti mtoto njiti, njiti wa kilo nne! Njiti ana mashavu kama maandazi! Gauni ulishona wewe. Sema tu ulilipanua mara ngapi, tuone kama huyo mzee atasimama mlango wowote."

Marta alimkumbuka Loveness nyuma ya pazia la kibanda, zipu imegoma, binti wa watu analia. Alimfuta machozi, akapanua gauni, akaweka mkanda mpana wa hariri mbele, na hakumwambia mtu hata Emanueli.

"Sijui unasema nini, Zuhura."

"Unajua sana!"

"Fundi akitangaza vipimo vya watu, afunge cherehani akalime viazi."

"Haya, basi utavaa kitenge."

"Nani kakwambia?" Marta akakata uzi kwa meno.

Nyumbani Emanueli naye alijaribu. Ni mtu mwema Emanueli, ila ugomvi na wazee humkimbiza chooni. "Mama Alen, tusishindane nao. Kitambaa tu hicho."

"Kama ni kitambaa tu, mbona kinawauma?"

Emanueli akachukua mundu, akaenda kukata majani ya ng'ombe.

Jumamosi ikafika, na ukungu wake. Kanisa lilijaa, kwaya ikaanza wimbo wa kuingilia. Marta akapanda ngazi na shela lake refu, shanga zinameta, mkono wake kwenye kiwiko cha Emanueli. Mlangoni, kweli bwana, Mzee Fanueli alikuwa amesimama katikati. Loveness alikuwa benchi la nyuma kabisa, mtoto mapajani. Walipokutana macho, Loveness akapauka. Marta akaangalia kwingine.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Livue."

"Silivui."

"Mama Alen, usitutie aibu."

"Aibu ipi? Nimelea watoto, nimemtunza mume, nimekuja mbele za Mungu kwa miguu yangu. Kama ni dhambi, tumeshaitubu sisi wawili. Mbona mimi ndiye nivuliwe kichwa, mwenzangu aingie na ua lake?"

Kwaya ikamaliza wimbo, ikauanza upya. Shingo zikageuka. Mzee akainama kidogo, akamsogelea sikioni. "Hapa hupiti nalo."

Jina moja tu lilikuwa pale, kwenye ncha ya ulimi. Marta alilihisi linavyowasha. Akalimeza. Akamgeukia Emanueli. "Baba Alen, unaingia na mimi, au nikuache hapa na mzee?"

Emanueli akaangalia ua lake, akalichomoa kifuani, akalitia mfukoni. "Twende," akasema.

Wakampita mzee kwa ubavu. Fanueli akalidaka shela kwa nyuma, na Marta hakusimama. Krrr! Neti ikachanika, kipande kikubwa kikabaki mkononi mwa mzee wa kanisa kama nguo iliyoanuliwa. Kwaya ikakatisha wimbo. Marta akaweka sawa kilichobaki kichwani, akainua kidevu, akaendelea kutembea. Nyuma yake akasikia hatua nyingine. Loveness alikuwa amempa mwenzake wa benchi mtoto, amekuja kuushika upindo uliochanika usiburuzike, mbele ya baba yake, machozi yanamtiririka. Hapo akina mama wakashindwa kuvumilia, wakapiga vigelegele mpaka madirisha yakaitikia.

Mbele, mchungaji aliitazama neti, akamtazama Mzee Fanueli kule mlangoni na kipande chake. "Mama Alen," aliuliza kwa upole, "shela lako limepatwa na nini?"

Watu wakatega masikio. Mzee Fanueli akainamisha kichwa.

"Mlangoni pamebana, Mchungaji," Marta akajibu, kwa sauti ya kufika hadi kule nyuma. "Tuendelee."