Kidoti cha Shingoni

Kidoti kilikaa shingoni mwa fundi cherehani, chini kidogo ya sikio, pale pale anapotundika tepu yake ya kupimia. Alizaliwa nacho. Pacha wake, aliyeolewa mbali, hakuwa nacho, na hiyo ndiyo tofauti yao yote. Hata sauti zao zilifanana. Tangu mama yao apofuke, alipapasa shingo kwanza ndipo afungue kinywa. Akikigusa kidoti alisema, "Kumbe wewe," kisha akadai chai.

Miaka ilikwenda hivyo. Fundi alimwogesha mama, akamlisha, akarudi kwenye cherehani, akaitwa tena kabla hajamaliza pindo. Ahsante hakuisikia hata ya kudanganyia mtoto. Sifa zote zilikwenda kwa yule wa mbali, anayepiga simu akikumbuka. Ilimuuma, tusidanganyane.

Sasa kidoti kikaanza kuvimba na kutoa damu kila tepu ilipokikwaruza. Daktari wa ngozi, mwanamama wa makamo, alikitazama kwa lenzi, akaguna.

"Kimebadilika rangi, dada. Kitoke leo, tukipime."

"Mama yangu ananijulia hapo."

"Atazoea."

Sindano ya ganzi ilichoma, kisha hakusikia kitu ila uzi ukivutwa. Kitanda kilikuwa chembamba kama ubao wa kupigia pasi, lakini hapakuwa na mtu wa kumwita. Usingizi ukambeba.

"Tumemaliza," daktari alisema, akimgusa bega. "Umekoroma mpaka nesi katoka nje kucheka."

"Umeshona vizuri? Usije ukaniachia mkunjo."

"Hata wewe hutauona mshono."

Nyumbani, mama alipogusa plasta, fundi alimwambia ni mkwaruzo tu. Hakutaka kumtia hofu, na kusema kweli hakuwa na nguvu ya kueleza.

Majibu yalitoka mema, nyuzi zikatolewa. Siku hiyo alirudi hoi, akajitupa ukingoni mwa kitanda cha mama. "Shikamoo, mama." Mama akapapasa shingo. Vidole vikapita, vikarudi, vikakuta ngozi laini. Uso wote ukamchanua.

"Umekuja, mwanangu. Kutoka kote huko."

Fundi alitaka kusema ni mimi. Wivu ukamzuia.

"Sogea, asije akatusikia," mama alinong'ona. "Huyu mwenzako anaisha. Namsikia anavyoburuta miguu. Simwambii kitu, maana nikianza nitalia, naye ataacha kazi aje kunibembeleza. Najifanya mkali tu, nadai chai, nipate kumsikia yupo karibu."

Fundi machozi yalimtoka, akayaacha yateremke.

"Mwambie alale hata siku moja. Wewe atakusikiliza."

"Nitamwambia, mama."

"Mwambie leo."

Akajilaza pale pale, viatu miguuni, kichwa karibu na paja la mama. Mama akaendelea kumpapasa shingo, na chai hakuidai.