Kikohozi cha Fundi

Kila Dada Mazoezi alipousogeza kwa mguu ule mkoba wa kando ya kitanda ili apate pa kusimama, roho ya mke wa Fundi ilimruka. Yeye peke yake ndiye aliyejua kilichokuwa ndani.

"Haya Fundi, tukae," alisema Dada Mazoezi. Alikuwa mtaalamu wa fiziotherapia, tiba ya mazoezi, wa wodi ile, mwanamke mfupi mwenye mikono ya mbeba magunia. Jina alipewa na wagonjwa, wengine kwa mapenzi, wengine kwa hasira.

Fundi kazi yake kuezeka nyumba. Wiki iliyopita aliteleza kwenye paa akaanguka, mbavu tatu zikavunjika. Mbavu zenyewe hazikumtisha daktari, kilichomtisha ni mapafu. Anayeogopa kukohoa huacha makohozi yajae kifuani hadi pumzi ikose njia. Sasa homa ilikuwa juu, na hata akiwa na oksijeni puani, kile kibanio cha kidoleni cha kupima oksijeni ya damu kilisoma themanini na sita. Daktari alishasema waziwazi: akirudi saa nane akakuta haijafika tisini, mgonjwa anahamia chumba cha mashine za kupumulia, akapitishwe mpira kooni. Aliyelala kitanda cha pili alipelekwa huko juzi, na kitanda chake bado kilikuwa kitupu.

"Vuta pumzi kwa pua. Ndani kabisa. Shikilia. Sasa itoe kwa nguvu, hah, kama unapuliza kioo ukifute."

Fundi akatoa kisauti cha paka mgonjwa. Macho yalikuwa yakimlegea.

"Mshukuru tu," alidakia mzee wa kitanda cha mbele, mguu wake ukiwa kwenye plasta. "Mimi juzi nilimtukana mpaka nikaishiwa matusi. Leo nimekwenda chooni mwenyewe."

Dada Mazoezi hakucheka. Kiganja chake kilikuwa mgongoni mwa Fundi. "Yamejaa humu, nayasikia yanakoroma. Mwenye homa hii hukohoa hata asipotaka. Huyu mbona kikohozi hakiji?"

Akamwinua tena, akamsimamisha. Fundi, mtu aliyezoea kutembea juu ya boriti mikono mitupu, akalia machozi. "Mama watoto, mwambie aniache."

Mkewe aliutazama mkoba. Wiki nzima alikuwa amemlinda kama yai: asiongee, asigeuzwe, wageni wenye mizaha wasimkaribie. Siku ya pili alipomwona akikohoa huku ameuma shuka, moyo ulimshinda, akaenda duka la dawa kununua ya maji, ile ya kutuliza kikohozi. Akawa anampa kijiko asubuhi na kijiko jioni, wauguzi wakigeuza mgongo. Mumewe akalala fofofo. Yeye akajipongeza, maskini, kumbe alikuwa akimziba pumzi kwa mikono yake.

Saa ya ukutani ilionyesha saa saba na nusu. Akisema, wodi nzima ingemjua. Akinyamaza, kitanda cha mumewe nacho kingebaki kitupu. Akafungua mkoba.

"Nimekuwa nikimpa hii."

Dada Mazoezi alisoma chupa, taya likimkaza. "Mara ya mwisho lini?"

"Jana jioni. Leo asubuhi wauguzi hawakubanduka hapa."

"Basi inaelekea kuisha nguvu." Akampa muuguzi chupa ampelekee daktari haraka, kisha akakunja taulo likawa nene. "Nitakugombeza kesho. Leo nataka mikono yako. Weka hapa juu ya mbavu. Akikohoa, bana, usilegeze. Yeye anakuogopa kuliko mimi."

Fundi alimtazama mkewe kwa macho ya mtu aliyesalitiwa. "Ulikuwa unanipa dawa ya nini?"

"Ya kukupunguzia maumivu. Nilikosea, baba. Kohoa."

"Siwezi."

"Kohoa! Watoto nikawaambie nini mimi?"

Sauti ilifika hadi korido. Fundi akavuta pumzi, akakohoa, akapiga ukelele. Mkewe akabana. Mara ya pili pakavu. Mara ya tatu kitu kikang'oka huko chini, kikapanda, kikaangukia kwenye bakuli, kizito chenye rangi ya kutu. Dada Mazoezi alikichungulia akatabasamu kama aliyeokota pesa. "Hicho ndicho kilikuwa kinakuua. Tena."

Themanini na nane. Tena. Themanini na tisa. Shati la Fundi liliganda kwa jasho.

Saa nane daktari aliingia. Aliangalia kibanio, akasubiri, akaangalia tena. Tisini na moja. "Atabaki hapa," alisema, "ila makohozi yasipoendelea kutoka, jioni tutarudi kulekule."

Walipoondoka wote, Fundi alifumba macho. "Nimechoka, mama watoto. Niache nilale. Nionee huruma."

Hakuna alichotamani mkewe kuliko kumwacha alale. Alimfuta mdomo, machozi yakimtiririka bila kujificha, akalirudisha taulo mbavuni.

"Nakuonea," alisema, na kubana. "Tena."