Tani Saba za Kimarekani

Tangu Jumamosi lori lilipofika kijijini, chakula kilikuwa hakimshuki Antipasi. Wenzake walilizunguka lile gari jipya, wakaligongagonga ubavuni na kucheka, lakini yeye, katibu wa kijiji, aliyelileta kwa kinywa chake mwenyewe, alipita mbali nalo kama mtu anayemkwepa mama mkwe.

Kilichomkosesha raha kilikuwa kibati kidogo kilichopigiliwa ndani ya mlango wa dereva. Aliyemwonyesha ni Lazaro, dereva waliyemwajiri kutoka Singida mjini.

"Katibu, mmeambiwa linabeba tani ngapi?"

"Saba."

Lazaro alijikuna shingo. "Saba ni pamoja na lori lenyewe. Mzigo wake ni nne tu, na abiria uwahesabu humo humo. Neno lenyewe hili hapa, unaliona? Tena halikutengenezwa Marekani. Vyuma vimeunganishwa nchi nyingine kabisa."

"Mbona gazeti lilisema..."

"Tangazo la gazetini? Wale wanauza, Katibu."

"Basi waambie watu."

"Mimi ni mtu wa mshahara. Nikikataa mzigo wa kijiji nitaitwa mhujumu. Ila lile daraja la magogo pale korongoni nalijua. Magunia sabini, na akina mama juu yake? Useme wewe."

Antipasi alikwenda nyumbani akatoa kile kipande cha gazeti. Alitamani akute ametapeliwa. Wapi! Neno lilikuwepo, fupi, limekaa jirani na neno la uzito, lile lile la kwenye kibati. Siku ya mkutano wa kuamua lori la kununua aliliona vizuri sana. Hakujua maana yake. Akaliruka, akaendelea kusoma.

Hapo ndipo aibu yake ilipokuwa. Kijiji kizima, upande ule wa Sepuka, msomaji wa Kiingereza alikuwa mmoja, Antipasi wa darasa la nane la misheni. Barua za serikali, kadi za hospitali, karatasi za dawa ya mifugo, zote zilipita kwenye ulimi wake. Mtu wa namna hiyo anasemaje "sijui" mbele ya watu mia mbili wanaomtazama mdomo? Mimi simtetei, lakini na wewe ungejaribu.

Siku ile alisoma kwa sauti ya kupanda: "Nguvu ya Kimarekani! Tani saba!" Utamu ulipomkolea akaongeza la kwake, kwamba limetengenezwa huko huko Marekani. Mwenyekiti Isaka akasimama amekunja uso.

"Ndugu zangu, tunajenga ujamaa kwa gari la mabepari? Malori ya nchi rafiki yameisha?"

Aliyemjibu ni mzee Mughwai, amejifunga shuka lake begani. "Mwenyekiti, siasa mimi siijui. Nimeoa nimevaa amerikani. Baba yangu nimemzika kwa amerikani. Kitambaa kile hata ukikivuta kwa maksai hakichaniki. Kama gari lao ni kama nguo yao, mimi natoa dume langu."

Watu walicheka, mikono ikapanda, na jambo likaisha. Kila boma likatoa ng'ombe, na anayemjua Mnyaturu anajua kwamba ng'ombe hatoki bomani kwa porojo. Walitoa kwa sababu Antipasi amesoma.

Jumatatu asubuhi magunia ya mtama yalikuwa yamepangwa uwanjani. Arobaini na matano yalikwisha kupanda, na juu yake wameketi akina mama wenye kuku na karanga za kuuza mjini. Springi za nyuma zimelala kabisa. Lazaro alisimama mlangoni akimtazama Antipasi.

Labda daraja litavumilia, Antipasi alijiambia. Labda vibati huandikwa na watu waoga. Kisha akaona mama Magdalena anavutwa mikono ili apande, miguu yake mikavu inatafuta pa kukanyaga juu ya tairi, na roho ikamruka.

"Shukeni! Mama, usipande! Shukeni wote!"

Akawaambia kwamba lori ni la tani nne, na kwamba si la Marekani.

"Nani kasema?" Isaka aliuliza.

"Kibati cha mlangoni."

"Basi kibati ndicho kimekosea. Gazeti limesema saba, umetusomea mwenyewe hapa hapa. Pakieni, jua linapanda!"

Vijana wawili wakainamia gunia. Antipasi akalikalia.

"Gazeti halikukosea," alisema. "Palikuwa na neno sikulijua. Nikaliruka. Na hilo la kutengenezwa Marekani nililiongeza mimi."

Alingoja matusi. Kilichokuja ni kicheko cha mzee Mughwai. "Hata amerikani ya dukani siku hizi inafumwa Dar es Salaam! Shusheni magunia, jamani. Tutakwenda safari mbili." Watu wakacheka naye, isipokuwa Isaka, na akina mama wakaanza kushuka mmoja mmoja. Antipasi alivuta pumzi kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi. Alidhani yamekwisha.

Mama Magdalena alikuwa bado amesimama pale pale kwenye tairi.

"Katibu," alisema. Siku zote humwita mwanangu. "Ile barua ya Kiingereza iliyotoka migodini, Zambia, kwa Philipo wangu. Nayo uliruka neno?"

Barua hiyo ilifika mwaka juzi. Antipasi aliisoma mlangoni kwa mama huyu: vitu vya Philipo vitatumwa kwa mama yake. Mama Magdalena alipiga vigelegele mpaka majirani wakaja. Mwanawe anamtumia vitu! Alifagia pembe moja ya nyumba ya kuviwekea, na mpaka leo hakuna kilichofika.

"Sikumbuki, mama."

"Mimi ninayo. Nilikuwa naipeleka posta, nikawaulize vitu viko wapi." Alifungua fundo la kanga, akatoa karatasi iliyochakaa mikunjoni.

Antipasi aliikunjua. Hakuhangaika kulitafuta lile neno aliloliruka. Lilikuwa mstari wa pili, limetangulia jina la Philipo. Siku ile hakulijua, na hata sasa hakulijua. Akampa Lazaro. Lazaro alisoma, akarudia, kisha akamwinamia sikioni na kumwambia neno moja la Kiswahili.

Antipasi alimgeukia dereva, macho yanaomba, amsaidie kusema.

"Hapana," mama Magdalena alisema. "Ulisoma wewe, usome wewe. Neno kwa neno."

Akina mama waliacha kushusha mizigo yao. Antipasi alishika barua kwa mikono miwili, akaanza upya tangu mwanzo, jina la kampuni, tarehe, salamu, mpaka akafika mstari wa pili.

"Vitu vya marehemu Philipo," alisoma, "vitatumwa kwa mama yake."