Swali la Kuridhika

Swali la kwanza lilimkuta Yusta hata hajakaa sawa kwenye kigoda.

"Mama, kwa ujumla, umeridhika na maisha yako?"

"Sana. Tunamshukuru Mungu."

Angejibu nini? Hapa Kilolo ukiulizwa hali unasema nzuri kwanza, hata kama paa linawaka moto. Balaa lako linakuja baadaye, baada ya "ila". Yusta alikuwa na "ila" yake mdomoni, lakini Jackline, binti aliyetumwa na chuo kuhoji watu, alishagusa kishikwambi na kusonga mbele.

Likaja la chakula. Watoto jana walikula; yeye alikunywa chai ya rangi akalala. Likaja la mume. Mara ya mwisho kuongea naye ilikuwa lini? Majirani yeye huwaambia kwamba mumewe, Obeid, yuko Mwanjelwa, sokoni kule Mbeya, biashara imembana. Kumbe simu yake haipatikani tangu mahindi yakiwa machanga, na sasa yameshavunwa. Leo akalisema kwa sauti.

"La mwisho, mama. Ukipata shida, kuna mtu wa kumkimbilia?"

"Hakuna."

Akalia kilio cha mtu aliyechoka. Kisha akajifuta kwa kanga. "Mwanangu, rudi pale mwanzo. Andika sijaridhika."

"Hairudi, mama. Swali likipita limefungwa." Jackline akamwonyesha kioo. "Maswali yanachanganywa, kila mtu anapata mpangilio wake. Wengine hilo linawajia mwisho."

"Lingenijia mwisho, nisingekudanganya."

Binti akakifunga kishikwambi. Wakubwa zake walipanga hivyo ili swali moja lisivute jingine, na kwa maelfu ya watu hesabu zao huenda zikakaa sawa. Kwa Yusta hazikukaa. Alitaka iandikwe mahali, hata sehemu moja tu, kwamba amekwama. Pikipiki ikaondoka na Jackline, na kishikwambi, na ile "sana" yake.

Yusta alikuwa bado amesimama kando ya barabara pale Evarista, jirani yake, alipotokea na ndoo ya maji kichwani.

"Kamwene, mama Ombeni," akamsalimu Yusta kwa Kihehe. "Habari za hapo?"

Yusta akavuta pumzi. Safari hii hakuanza na nzuri.

"Mbaya," akasema.

"Haya, tushukuru Mungu," Evarista akaitikia bila kusimama, akaendelea kupandisha kilima na maji yake.