Bonyeza, Usibonyeze

Kama hujawahi kukaa mbele ya simu isiyolia, tena hewani, tena watu wanakusikia ukiisubiri, basi usimcheke Chiriku. Simu ya studio ilikuwa na kitaa chekundu pembeni cha kumulika mtu anapopiga. Tangu kipindi chake kianze, kitaa hicho kilikuwa kimemulika mara mbili tu. Mara ya kwanza ni bwana mmoja aliyekosea namba, anatafuta duka la saruji. Mara ya pili ni dada yake mwenyewe, naye alikatiwa kabla hajamaliza salamu.

"Mtu wa ukoo wangu asinipigie hewani!" Chiriku alikuwa amewaambia dada na mama. "Watu watasema nimekodi wapigaji." Dada alinuna. Mama alisema haya, na mama yake akishasema haya, ni haya.

Jina la Chiriku alipewa na wenzake kazini, kwa sababu ya mdomo usiojua kupumzika. Kipindi chake cha mchana kiliitwa Sema Usikike. Jamani! Kipindi kinaitwa Sema Usikike na hakuna anayesema, wala hajulikani anayesikia. Asubuhi hiyo Mkurugenzi wa redio alimwita ofisini. Ni mzee mpole, lakini upole nao una mwisho.

"Mwanangu, sauti unayo, sikatai," alimwambia. "Lakini kipindi cha kupigiwa simu kisichopigiwa simu ni kitu gani? Leo ndiyo leo. Simu zisipolia, kuanzia kesho saa hiyo naweka muziki mtupu."

Chiriku alitoka mle roho juu. Kipindi hicho alikiomba mwenyewe, akakiandika mwenyewe, akakipigania kama mtu anayepigania kiti kwenye msiba. Kikifa, atarudi kusoma matangazo ya vifo na vitambulisho vilivyopotea. Kwa hiyo leo alijipanga. Alikuwa amempata Mtaalamu wa kompyuta, mtu mkubwa wa mji mwingine, atakayeonekana kwa njia ya video na kujibu maswali ya wasikilizaji. Nani asiye na swali la kompyuta?

Studio yenyewe ilikuwa chumba kidogo, kuta zimebandikwa sponji za godoro ili sauti isirudi. Juu ya meza kulikuwa na maikrofoni, simu, na kompyuta moja kuukuu iliyofanya kila kitu kwa kivinjari kimoja, ile programu ya kufungulia mtandao. Nyimbo zilipigwa humo, habari zilisomwa humo, na wageni wa video waliingilia humo. Na kivinjari hicho, kwa muda ambao hakuna aliyeukumbuka, kilikuwa kikionyesha kibandiko cha rangi ya chungwa juu kabisa: Sasisha sasa. Pembeni yake: Nikumbushe baadaye. Kila siku Fundi Mitambo alibonyeza baadaye. Baadaye, baadaye, mpaka kitufe kikawa kama kinamjua.

Saa ya kipindi ilipofika, Chiriku alikaribisha wasikilizaji kwa bashasha zote, akatangaza ujio wa Mtaalamu, akaweka wimbo ili apate nafasi ya kumwunganisha. Hapo ndipo alipokosea. Mtangazaji akiweka wimbo huzima kwanza swichi ya maikrofoni, ndipo anavua hedifoni. Leo, kwa kiwewe, alivua hedifoni tu.

Akafungua ukurasa wa kumwita mgeni. Ukurasa ukamjibu: Kivinjari chako ni cha zamani. Kisasishe ili uendelee.

"Fundi!" alipiga ukelele. "Fundi, njoo unione ninavyoaibika!"

Fundi Mitambo akaingia na bisibisi mkononi, kama kawaida yake, ingawa hakuna aliyewahi kuona anafungua nini nayo. Akatazama kioo, akatikisa kichwa.

"Usibonyeze."

"Mgeni ananisubiri!"

"Asubiri. Kitu kinachofanya kazi hakiguswi. Unajua wenyewe wameweka nini humo ndani? Utabonyeza, kompyuta igome, redio nzima inyamaze. Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda."

"Na kinachofanya kazi ni kipi hapo, Fundi? Mgeni haingii, ukurasa haufunguki, kila kitu kinakwenda kwa kuombwa! Wewe umeng'ang'ania uzee wa kompyuta kama umeuzaa!"

"Nimeulea."

"Basi mlee vizuri, muogeshe!" Chiriku alipaza sauti ili machozi yasitoke. "Unajua Mkurugenzi kaniambia nini? Leo simu zisipolia kipindi kimekufa. Na hazitalia, Fundi. Hakuna anayenisikiliza. Miezi yote hii naongea na sponji za godoro!"

Kisha, kabla Fundi hajajibu, akabonyeza. Sasisha sasa. Kivinjari kikajifunga pwaa, na wimbo uliokuwa ukipigwa ndani yake ukafa nacho. Wao, kwa kuwa hedifoni zilikuwa mezani, hawakujua kwamba umekufa.

"Yallah," alisema Fundi. "Umefanya nini?"

"Nimefanya ulichoshindwa wewe!"

Mlango ukafunguliwa kwa kishindo. Mkurugenzi alisimama pale anahema, kiatu kimoja mguuni, kingine sijui kakiacha wapi. Alinyoosha kidole kwenye maikrofoni. Chiriku akafuata kile kidole. Swichi ilikuwa wazi. Ilikuwa wazi tangu mwanzo.

Kila neno limekwenda hewani: kuogesha kompyuta, Mkurugenzi, sponji za godoro, yote. Na sasa wimbo wenyewe haupo, redio inarusha pumzi za watu watatu.

Ndipo kitaa chekundu kikamulika.

Wote watatu wakakitazama. Kilimulika, kikazima, kikamulika tena. Chiriku akainua simu.

"Sema... sema usikike."

"Nasema, tena leo utanisikia!" Sauti ya mwanamke, na nyuma yake cherehani inanguruma. "Mimi mshonaji. Kwanza nani kakudanganya kwamba hatukusikilizi? Nashona na wewe kila siku ya Mungu!"

"Sasa mbona hujawahi kupiga, dada yangu?"

"Nipige niseme nini? Juzi mlikuwa mnajadili sera za kidijitali. Mimi na sera wapi na wapi? Lakini hili la kuapdeti nalijua. Mwambie huyo Fundi wako aache woga. Mimi simu yangu niliiapdeti, mishono ninayoitafuta mtandaoni inafunguka kabla sijaweka uzi. Bonyeza, mwanangu!"

Kabla hajashukuru, kitaa kilikuwa kinamulika tena.

"Mimi ni karani, na niko upande wa Fundi," alisema bwana mmoja kwa uchungu. "Kitufe changu cha kuchapisha kilikuwa juu, kulia. Nikaapdeti. Kesho yake hakipo! Mtu anaingia kwako umelala, anakuhamishia kabati la vyombo, halafu asubuhi anakwambia hongera, sasa una jiko jipya. Hongera ya nini?"

"Safi sana!" Fundi alisahau kwamba hatakiwi kuongea hewani. "Huyo ndiye msomi!"

Wacha simu zilie! Akapiga dereva wa lori aliyekiri kwamba kompyuta hana wala hana mpango nayo. "Lakini maoni ninayo," alisema, "au mpaka niwe na kompyuta?" Akaambiwa karibu, akasema gari lisilofanyiwa huduma halikwambii siku litakayokuacha njiani. Wakapiga mke na mume kwa simu moja, wananyang'anyana. Mke anasema mume kafungua kurasa nyingi hata majina yake hayasomeki, na hataki kuapdeti zisije zikafungwa. Mume anasema atazisoma zote. "Utazisoma lini?" mke akauliza. "Nyingine umezifungua hatujaoana!" Chiriku alicheka mpaka akashika meza. Mkurugenzi naye, na soksi yake, alikuwa amekaa kwenye simu ya ofisini aliyoivuta mpaka mlangoni, anapokea wale waliokosa laini. "Subiri, mama. Subiri, kaka. Utasikika tu, leo kila mtu atasikika."

Akaja mwingine, sauti tulivu. "Huyo Fundi Mitambo ni mume wangu."

Fundi akaweka bisibisi chini.

"Kitu kinachofanya kazi hakiguswi, ndivyo anavyotwambia na nyumbani. Waulize wasikilizaji, kitasa cha mlango kinachofunguliwa kwa uma kinafanya kazi? Tukiwa na wageni, uma mmoja unakosekana mezani kwa sababu uko mlangoni. Chiriku, bonyeza. Na ukimaliza, njoo na huku."

Penye wengi pana mengi, lakini hili hakulitegemea mtu. Fundi alijaribu kununa, midomo ikakataa, akaangua kicheko kwa nguvu hata maikrofoni ikalia. Katikati ya kelele hizo kompyuta ikatoa mlio mdogo. Kivinjari kilikuwa kimefunguka upya, cheupe, chepesi, hakina kibandiko. Na kurasa zote zilikuwa pale pale zilipokuwa. Chiriku akamwita mgeni, na Mtaalamu akatokea kiooni, tai shingoni, karatasi mkononi.

"Habari za mchana, wasikilizaji. Leo ningependa kuanza na..."

"Mtaalamu, samahani sana," Mkurugenzi alimkatiza kutoka mlangoni. "Kuna foleni. Umetanguliwa."

Mtaalamu alitazama, akasikia simu zinavyolia, akacheka na kulegeza tai. "Basi nasubiri. Na mimi niseme ukweli? Nyumbani nabonyeza baadaye kama ninyi."

Mkurugenzi akaziba simu yake kwa kiganja, akainama sikioni kwa Chiriku. "Ule muziki wa kesho," alinong'ona, "utafute pengine pa kukaa." Chiriku alitaka kuruka, alitaka kulia, alitaka kumkumbatia hata yule karani. Hakupata nafasi. Kitaa kilikuwa kinamulika.

"Sema usikike!"

Kisha, kwenye simu, nyuma ya pumzi za mtu, akasikia sauti yake mwenyewe ikirudi: *Sema usikike!* Hicho ndicho kitu watangazaji wanachokichukia kuliko vyote, mpigaji aliyeacha redio imewaka, sauti inarudi na kugongana. Na hii ilichelewa kidogo, maana yake anasikiliza kwa mtandao.

"Mpendwa msikilizaji, punguza kwanza redio yako, tafadhali."

"Siipunguzi," ilisema sauti ya mwanamke mtu mzima. "Nimepiga kwa sababu yake. Mimi ni msikilizaji tu wa kawaida. Sina undugu na mtu hapo."

Chiriku alikaa wima. Sauti ile angeitambua hata usingizini. Mama aliishi mbali, kule ambako mawimbi ya redio hayafiki, na alikuwa amesema haya.

"Karibu, msikilizaji wa kawaida," alisema.

"Mwanangu mmoja aliniachia kompyuta yake ya zamani. Akanifungulia ukurasa wa redio yenu, akaniambia usibonyeze kitu kingine chochote. Sijabonyeza. Hata kuizima siizimi, naifunika tu kitambaa. Sasa imekuja na maandishi: ukurasa huu karibu utaacha kufunguka, sasisha. Kila siku nabonyeza baadaye." Alivuta pumzi. "Ninyi mnagombania vitufe. Mimi naogopa nikisasisha nitampoteza mtu wangu humo ndani. Kila mchana huwa tunakula pamoja, yeye anaongea, mimi nakula. Hajui."

Fundi alitazama sakafu. Chiriku alimkumbuka mama yake siku ile alipomwachia kompyuta, ameketi mikono magotini mbele ya kompyuta kama mgeni wa heshima, naye akimwambia kwa haraka, ana basi la kuwahi, usibonyeze kitu. Na miezi yote hii yeye analalamika kwamba hakuna anayemsikiliza. Akamtazama Mtaalamu kiooni. Mtaalamu akatikisa kichwa kukubali, kama kusema: atakupata.

"Bonyeza, mama," alisema Chiriku.

"Nikikupoteza?"

"Hunipotezi. Simu usikate. Bonyeza tu, tupo wote hapa."

Kilisikika kiti kikiburutwa. Kilisikika kipanya cha kompyuta, ta. Na ule mwangwi uliokuwa nyuma ya simu ukakatika ghafla, ikabaki pumzi ya mama peke yake.

"Umeondoka," alisema mama kwa sauti ndogo.

"Kinajifungua upya, mama. Usiogope."

"Kioo cheupe chote."

Hakuna aliyesogea. Mkurugenzi alishikilia simu kifuani, na ajabu ni kwamba hata kitaa kilikuwa kimetulia, kama vile mji mzima umeweka simu chini kusubiri. Chiriku alisogea kwenye maikrofoni hadi midomo ikaigusa. Mambo ya ukoo na wapigaji wa kukodi hayakuwa tena kichwani mwake.

"Mama yangu," alisema hewani, mbele ya watu wote, "ni mimi. Unanisikia?"

Kimya. Pumzi. Kimya tena.

Kisha, kutoka ndani ya simu, kutoka kwenye kile chumba cha mbali chenye kompyuta iliyofunuliwa kitambaa, sauti yake mwenyewe ikamrudia, imechelewa kidogo: *Mama yangu, ni mimi. Unanisikia?*

"Haya," alisema mama.